Kipepeo Ndani ya Baridi

Kila alasiri Kwamboka akitoka shuleni aliingia katika nyumba yao ya ghorofa ya tano, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud jijini Doha, akafunga mlango kwa ufunguo kama alivyoagizwa. Mama yake, Millicent, alikuwa muuguzi, na alirudi jua likielekea kuzama. Hadi hapo sauti pekee ilikuwa ya kiyoyozi.

Novemba ile vipepeo wa rangi ya machungwa walikuwa wakipita Doha kwenda kusini. Mwalimu Omondi aliwafundisha wanafunzi kumshika kipepeo taratibu, kumtia nukta ya wino mwekundu bawani, kumwachilia papo hapo, kisha kumwarifu yeye mwalimu kipepeo alikoelekea. Shule nyingine za kusini zingemtafuta.

Alhamisi kipepeo mmoja alitua kwenye mrehani wa mama, pale roshani. Kwamboka akamtia nukta. Alipotaka kumwachilia, mkono ulikataa. Akamwingiza ndani, akafunga dirisha, akamwekea maji ya sukari. Akamsimulia jinsi Terry wa ghorofa ya chini alivyomtania kuwa yeye ni mlinzi asiye na mshahara. Kipepeo alitulia kama anayesikiliza.

Kisha akakunja mabawa, akaanguka kiubavu. Kwamboka alimsihi, akampulizia. Hakutikisika.

Mama alimkuta sakafuni analia. Akamwinua kipepeo kwa ncha ya kidole.

"Hajafa, mamangu. Amezidiwa na baridi ya kiyoyozi."

"Nilitaka tu mwenzangu wa kukaa naye," Kwamboka alisema.

Mama alimweka kipepeo kwenye ukingo wa roshani, palipobaki jua. Wakangoja. Mabawa yakatetemeka, yakafunguka, na ile nukta nyekundu ikapaa juu ya mapaa, ikashika njia ya kusini.

"Umpendaye humfungii mlango," mama alisema. "Ana safari yake." Akautazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake. "Nami nimekufungia wewe. Kuanzia Jumapili, wiki ya shule ikianza, ukitoka shule utakaa kwa mama Terry. Twende tukazungumze naye sasa hivi."

"Terry atanicheka."

"Akucheke. Heri kuchekwa na mtu kuliko kuzungumza na ukuta. Na mwalimu umwambie ukweli: kipepeo alichelewa, na wewe ndiwe uliyemchelewesha."

Kwamboka akaitikia, akafuta machozi. Wakateremka ngazi pamoja, wakikiacha kiyoyozi kinanguruma peke yake.