Gari la Maji Lilikuwa Wapi?

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi ndani ya mtaro, magoti yamezama kwenye tope, mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko. Kando ya mkono huo kulikuwa na msumeno wa chuma. Ilikuwa saa nne asubuhi na nzi walikuwa wameshafika.

Inspekta alifunika pua kwa leso. Miaka ishirini na miwili kazini, mama wa watoto watatu, na bado hakuwa ameizoea harufu ya nyama ya mtu iliyoungua. Nani aizoee? Anayesema ameizoea ni mwongo au mgonjwa.

"Mwizi wa waya huyo," alisema mhandisi wa ujenzi, mikono mfukoni. "Za mwizi arobaini, afande."

Vibarua walimwita Usalama, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Lilikuwa limeandikwa kwenye kofia yake, kwenye koti lake, na kwenye bango la getini lenye picha yake akitabasamu.

"Eleza," Inspekta alisema.

"Chini hapo kuna kebo kubwa ya umeme. Ndiyo maana nilikodi gari la kuchimba kwa maji. Limekuja saa kumi na mbili, limechimba, limeondoka. Nikapiga marufuku mtu kuingia. Huyu na mdogo wake wakaingia kukata shaba. Mdogo mtu yule pale."

Mdogo mtu alikuwa amekaa chini mbele ya stoo. Koplo alikuwa ameshamtia pingu kwa neno la mhandisi peke yake. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge.

"Umeungulia wapi?"

"Nilimshika kaka nimtoe, umeme ukanirusha. Nikazimia."

"Mlikuwa mnaiba?"

"Afande, tulikuwa tunachimba! Bosi alisema umeme umezimwa. Kaka akashika sururu, mimi koleo. Hilo gari la maji leo sijaona hata tairi lake."

"Na msumeno?"

"Haukuwepo. Haki ya Mungu, haukuwepo."

Vibarua wengine walisema hawakuona kitu, wakimtazama mhandisi. Basi ikawa neno la kibarua dhidi ya neno la mhandisi, na Inspekta alijua mahakama hupenda kumwamini nani. Asipopata ushahidi, huyu angekwenda jela, na kaka yake angezikwa kwa jina la mwizi.

Akamrudia Usalama. "Hebu nifundishe. Mimi mambo ya mitambo ni mshamba. Hilo gari linachimbaje?"

Swali lilimpendeza. "Maji ya nguvu yanapasua udongo. Hapohapo bomba nene linafyonza tope na kulipeleka kwenye tangi. Kebo haiguswi na chuma hata kidogo. Unabaki na shimo safi, kuta laini, hukuti hata kikombe cha tope."

"Linafyonza tope lote?"

"Lote. Ndiyo uzuri wake."

Inspekta akatazama mtaroni, kwenye tope lililozamisha magoti ya maiti. Akatazama juu, kwenye lundo la udongo mkavu wa mabonge lililokuwa ubavuni mwa mtaro. Fundi wa umeme alipomhakikishia kwamba sasa kebo imezimwa kweli, alishuka kwa ngazi. Ukuta mzima ulikuwa na alama za ncha ya sururu. Sururu yenyewe aliipapasa chini ya tope, ncha yake imekwama ndani ya kebo. Kisha akauinua msumeno kwa glavu. Meno yake bado yalikuwa na rangi ya dukani.

"Huu haujakata hata mkate," alisema akipanda. "Na gari lako leo lilisahau kufyonza?"

"Labda... mvua, afande."

"Mvua ya mtaro mmoja?"

Koplo alicheka, akajifanya anakohoa. Mpira wa maji ya kuchanganyia zege ulikuwa umelala mita tatu kutoka mtaroni, bado unadondosha.

Gari walilikuta kwenye yadi ya kampuni iliyolikodisha. Dereva, mtu wa makamo mwenye tumbo, alikuwa analiosha kwa sabuni kama anayeosha dhambi.

"Fungua tangi," Inspekta alimwambia.

"Afande, halifai kufunguliwa saa hizi."

"Fungua!"

Mungu wangu! Kilichotoka mle hakikuwa harufu ya udongo. Inspekta alishika ukuta, akatapika chai yote ya asubuhi. Mtaalamu wa uchunguzi aliyefuatana nao alichungulia na kichupa chake cha sampuli, akasema kwa hili hata maabara haina kazi, ila akachukua sampuli hivyohivyo.

"Ni choo," dereva alisema kwa sauti ndogo.

"Cha nani?"

"Cha nyumbani kwa Usalama. Nimefika saa kumi na mbili, akanipeleka kwake. Nikamwambia, bosi, hili si gari la kazi hiyo. Akasema nusu saa tu. Shimo lilikuwa limefurika, nimemaliza saa tatu, akanipigia simu nirudi yadi."

Mke wa Usalama aliwapokea na ufagio mkononi, uso umechangamka. Ua ulikuwa umefagiwa, mfuniko wa shimo umemwagiwa dawa.

"Karibuni! Yaani jana tulikuwa tunapita juu ya matofali kufika mlangoni," alisema. "Na wakwe wanafika leo saa saba! Mume wangu akaniambia, mama watoto usihofu, asubuhi nakuletea gari. Huyo ndiye mwanamume."

Inspekta aliyaandika hayo kwenye daftari. Alimwonea huruma, akaaga.

Kituoni alimsomea Usalama onyo, akafungua daftari.

"Ulijua kebo ina umeme?"

Usalama alifunga kifungo cha koti.

"Nimeuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukawaambia imezimwa."

"Wangegoma kuchimba! Na wakaguzi walikuwa wanakuja saa sita. Nilidhani gari litarudi kabla hawajaifikia kebo. Wale ndugu wanachimba haraka mno, afande."

Jamani, mtu anamlaumu marehemu kwa uchapakazi!

"Nani alimwaga maji?"

"Mimi."

"Msumeno?"

"Niliutoa stoo. Watu walikuwa wamemzunguka mdogo mtu aliyezimia, hakuna aliyeniona."

"Mwenzako bado wa moto, wewe unamwekea msumeno."

Usalama akaanza kulia, na wala hakuwa anamlilia marehemu. "Binti yangu anaolewa na watu wakubwa. Waje wakute kinyesi uani? Ningeuficha wapi uso wangu?" Akapangusa kamasi kwa mkono wa koti. "Nakuomba kitu kimoja tu, dada yangu. Usiandike choo. Andika dharura ya kifamilia."

"Mimi si dada yako. Nitaandika choo, na utatia sahihi chini yake."

Akatia. Shitaka likawa kuua bila kukusudia na kughushi ushahidi, na Inspekta akaenda kunawa mikono mara mbili, ingawa hakuwa amemgusa.

Mdogo mtu alifunguliwa pingu. Mtaani kwao, Koplo alimwambia, habari ilikuwa imeshafika kwamba mama yake amezaa wezi wawili.

"Nitakwenda nawe," Inspekta alisema. "Mama yako nitamwambia mimi mwenyewe, nje, mlangoni, na majirani wasikie. Kaka yako hakuwa mwizi."

Mdogo mtu aliitikia kwa kichwa. Ndani ya gari alikaa na viganja vyenye bandeji mapajani.

"Kwa nini hilo gari halikuja?" aliuliza.

Inspekta alitamani kudanganya. Alishindwa. "Alilipeleka kwake. Choo chake kilikuwa kimejaa, na alikuwa na wageni."

"Choo?"

"Choo."

Aligeukia dirishani.

"Si angetuambia tu," alisema. "Tungekitoa kwa ndoo, mimi na kaka. Vya watu tumetoa vingi."