Bushi Iliyomponza Mayu

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii ilistahili msimulizi mwenye sauti nzito na sura ya msiba. Mimi nina kitambi na mdomo wa kusherehesha harusi. Nikitamka tu "marehemu", watu wanacheka. Nitaiharibu. Lakini ilimpata jirani yangu Boaz, fundi magari wa hapa Masumbwe, na yeye mwenyewe haisimulii.

Boaz ana pikapu ya kijani aliyoachiwa na baba yake, gari la miaka ya sitini, analolipenda kiasi kwamba mke wake aliwahi kuuliza kati yao ni nani aliyeolewa kwanza. Jumanne moja asubuhi alimpakia mama yake mkubwa, Eufrasia, ampeleke kliniki ya macho. Ndiye aliyemlea, na Boaz alimwita Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama. Macho ya bibi huyo yalikuwa mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa kuni.

"Shikamoo Mayu. Leo tunaruka kama ndege."

"Marahaba. Ndege gani anakohoa hivi?"

Hawakufika mbali. Sindano ya geji ya oili ilianguka hadi sifuri, Boaz akazima injini kabla haijajiua. Alipofungua alikuta ile gia ndogo ya shaba inayoizungusha pampu ya oili imelika meno yote. Akafunga nyingine. Baada ya wiki tatu, safari ya kliniki, ikalika tena. Akafunga ya tatu. Nayo ikalika, Mayu akiwa amekaa palepale kando yake.

Maneno yakaanza, yakafika hadi kisimani. Bibi ana macho mekundu, na gari linakufa kila akipanda. Huku kwetu maneno ya namna hiyo hayasubiri shahidi wa pili; yamewahi kutangulia mapanga.

Boaz ndiye fundi. Neno lake moja lingetosha: jamani, ni ubovu wa injini. Hakulisema. Fundi aliyeshindwa mara tatu hupata nafuu akionyeshwa mchawi.

"Mayu," alimwambia bila kumtazama, "nenda kwanza kwa mjomba, Kishapu. Watu watulie."

"Na wewe unasema hivyo?"

Boaz akaendelea kufuta spana.

Mayu aliondoka asubuhi kwa miguu kwenda stendi. Hakufika. Walimkuta kando ya barabara, amekaa, ameegemea fuko lake la nguo. Hakuwa na jeraha hata moja. Walisema ni moyo.

Siku ya tisa baada ya mazishi, saa sita mchana, Boaz aliirudia injini. Alitoa betri. Akatoa distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa plagi, akatoa gia, akailaza juu ya kitambaa. Kisha akaingiza bisibisi ndefu kwenye tundu, aishike pampu na kuizungusha kwa mkono, aone kama bado inavuta oili.

Bisibisi ikazunguka.

Hakuwa ameizungusha yeye. Aliiachia. Ikaendelea, polepole, kama mkono wa mtu aliyechoka unaosonga ugali. Kule ndani ya gari sindano ya geji ikapanda. Kumi. Ishirini. Ikashuka. Ikapanda. Kama moyo.

Alitaka kukimbia. Kiti cha abiria kikalia, ule mlio wake wa kukaliwa.

"Boaz mwanangu." Mnong'ono ulitoka ndani ya injini. "Chini zaidi."

Bisibisi ikalala upande. Ikagonga chuma mara moja. Ikatulia.

Alimulika kwa tochi. Chini ya gia inapokaa kuna bushi, kijipete cha chuma kinachoishika shafti, mhimili wa gia, isicheze. Kilikuwa kimelika, kimekuwa umbo la yai. Shafti ilikuwa inayumba, gia inakaa mshazari, meno yanasagika. Mara tatu alibadilisha gia. Bushi hakuigusa hata kwa kidole. Na gari lile halikuwa na safari ndefu isipokuwa ya kumpeleka Mayu kliniki. Lingeharibikia wapi kwingine?

Alikaa kwenye vumbi akalia, mchana kweupe, wateja wakimtazama.

Alichongesha bushi mpya. Gari linatembea hadi leo. Ila kila akifungua boneti hukuta alama ya kiganja cha oili kwenye bati la ndani. Kidogo, chembamba, vidole vimepinda. Yeye ana viganja kama sepetu. Huifuta kwa petroli. Kesho yake ipo, na bado mbichi.

Anajilaumu mno. Mimi humpelekea chai, namwambia ajisamehe, kisha naondoka haraka kabla hajaniuliza maneno yale yalianzia kwa nani. Yalianzia kijiweni kwetu, siku niliposimama nikamwigiza bibi akipanda gari na injini ikizimika. Watu walicheka wakashika mbavu. Basi nikarudia.