Nyumba Iliyoburutwa

Dada yangu Ramla alikuwa amechoka, na nataka mjue hivyo kabla hamjamlaumu. Miezi mitatu alikuwa akifundisha watu wa Kisangani kuchora ile ramani ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza na kufuta. Unaangalia picha iliyopigwa kutoka angani, unaona paa, unachora kona nne, unahifadhi. Lakini wanaoanza wana kosa lao: wakitaka kusogeza ramani, wanakamata nyumba ya mtu na kuiburuta hadi mtaa mwingine. Kutwa nzima Ramla alikuwa akirudisha nyumba za watu mahali pake.

Siku moja mwanafunzi wake, Papa Lukumani, seremala mstaafu, alichora nyumba kwenye nyasi tupu za mtaa wa Simi-Simi.

“Papa, hapa hakuna paa,” Ramla akamwambia.

“Iko, mama. Batu iko ndani. Usiisukume.”

Ramla hakuona nyumba wala watu, akashika kipanya cha kompyuta aifute. Vidole vizito, macho yanauma. Akafanya kosa lile lile alilolikemea asubuhi: nyumba ikaburutika mitaa miwili, ikatua kwenye kiwanja kitupu ubavuni mwa nyumba yetu. Akahifadhi kabla hajatazama vizuri.

“Bon, basi, nitaifuta kesho,” alisema, akazima mashine.

Jioni tulimkuta mama yetu amechangamka. Miguu ilikuwa inamsumbua, alikuwa hatoki uani peke yake.

“Tuko na majirani,” alituambia, akionyesha kiwanja kile kitupu. “Bananisalimia muzuri.”

Nilidhani ni uzee tu.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuta kitanda kitupu. Nikampigia simu Ramla kazini, akaja mbio. Uani, hakuna. Barabarani, hakuna. Kwenye kiwanja nyasi zilisimama wima, hazikukanyagwa. Katikati zilikuwepo ndara za mama, zimepangwa pamoja, upande wa vidole ukielekea ndani ya kiwanja, mbali na kwetu, jinsi anavyozivua mlangoni kwa watu.

Ramla alimwita Papa Lukumani. Alizitazama ndara, akanong'ona.

“Sasa usiifute. Ukiifuta, atatokea mulango gani?”

Miezi saba imepita. Wakubwa wa kazi walimwandikia Ramla mara mbili: picha haionyeshi paa, ondoa. Hakuiondoa. Aliacha kufundisha. Lakini kila asubuhi alifungua ramani kuhakikisha nyumba ipo, maana mwanafunzi yeyote, popote alipo, angeweza kuifuta. Niliogopa hilo kuliko kifo.

Ndara hatukuziondoa. Jumapili iliyopita, mchana, nilikwenda kukata nyasi pembeni yake.

Zilikuwa zimegeuzwa. Upande wa vidole ulielekea kwetu.

Nilimwita Ramla. Alilia kwa furaha. Tukasimama pale, tukangoja. Hakuna aliyetoka. Kisha akakimbilia ndani kufungua ramani.

Kwenye ramani, nyasi tupu. Saa moja kabla ya hapo, mtu tusiyemjua, siku yake ya kwanza ya kuchora, alikuwa amesafisha mtaa wetu, akafuta kila nyumba isiyo na paa kwenye picha.

Ramla ameichora upya, kona kwa kona. Ndara bado zinatutazama.