Kirangozi Hatembei Nyuma

Ilikuwa Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025. Upepo wa kiangazi ulivuma tangu alfajiri, ukapeperusha vumbi jekundu juu ya mapaa ya mtaa wa Cheyo, mjini Tabora, na jua lilipochomoza lilionekana kama limefunikwa kwa chandarua.

Josepha alikuwa amekwisha kufagia uwanja na kuchota maji. Sasa alipiga magoti mbele ya kiti cha babu yake, Babu Xavery, akiukanda mguu wake wa kushoto kwa maji ya uvuguvugu. Mguu huo ulipooza mwezi Juni, babu alipopata kiharusi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Josepha aliukanda, wakasali Baba Yetu pamoja, kisha akamletea uji.

"Mwangaluka, mayo," babu alimsalimu kwa Kinyamwezi, akimwita mama kama kawaida yake. "Filamu yangu imefika wapi?"

"Bado kidogo, babu. Jumamosi utaiona pamoja na wazazi wote."

"Nitajiona nikitembea," alisema babu, akiutazama mguu wake. "Mungu ni mwema. Aliwatuma mnipige picha kabla hajaniambia nikae."

Alicheka, lakini Josepha aliona macho yake yamelowa. Akainama tena juu ya beseni.

Mwezi Mei, babu alipokuwa bado ana nguvu, klabu ya filamu ya shule yao ilimwomba aigize. Filamu ilihusu misafara ya zamani iliyotoka pwani, ikapita Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Wanafunzi walikuwa wapagazi, wamebeba mizigo mabegani. Babu Xavery alikuwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa shuka nyekundu na manyoya kichwani. Kila mmoja alitembea peke yake mbele ya kitambaa kikubwa cha kijani kilichotundikwa uwanjani. Baadaye kompyuta ingeondoa ule ukijani na kuwaweka kwenye picha ya njia ya vumbi karibu na Kwihara, nje kidogo ya Tabora.

Kazi hiyo ya kuunganisha picha alikabidhiwa Josepha. Alikuwa kidato cha kwanza tu, lakini katika klabu walimwita Fundi. Programu waliyoizoea ilipanga picha kwa matabaka, kama khanga zilizokunjwa sandukuni: ya juu huifunika ya chini. Josepha alijua kupanga matabaka hayo kuliko mtu yeyote. Hata wanafunzi wa kidato cha tatu walimwita awasaidie.

Lakini msafara una watu wengi. Kulikuwa na wapagazi, vivuli vyao, vumbi la miguu yao, vilima na ndege. Matabaka yakawa mengi mno, na kutafuta kivuli kimoja kukawa kama kutafuta kitufe chini ya nguo za ukoo mzima. Kwa hiyo Mwalimu Zuwena, mlezi wa klabu, aliamua wahamie programu nyingine.

Mchana wa Jumanne hiyo aliwafundisha kwa mara ya kwanza.

"Humu hakuna matabaka," alisema. "Kila kazi ina kisanduku chake. Kisanduku hicho kinaitwa nodi. Hiki kinaleta picha, hiki kinaondoa kijani, hiki kinaongeza vumbi. Mnaviunganisha kwa mistari, na picha inasafiri kutoka kimoja hadi kingine. Fikirini stesheni yetu ya reli. Mabehewa yanatoka Dar es Salaam, Mwanza, Kigoma na Mpanda, yanakutana hapa Tabora, halafu yanaunganishwa yaende pamoja. Ukitaka kubadilisha safari, hubomoi behewa. Unahamisha njia tu."

Wenzake walitikisa vichwa kukubali. Josepha alitazama visanduku na mistari ikipindana kama nyuzi za fundi cherehani, asione pa kuanzia. Aliunganisha mstari mmoja, kisha mwingine. Kioo chote kikawa cheusi.

"Haa! Fundi kaleta usiku saa nane mchana!" alipayuka Lugembe aliyekaa nyuma yake. "Jamani, washeni taa!"

Darasa likaangua kicheko. Meza ya jirani alikaa Najiat, binti wa mtaa wa Mtendeni, ambaye katika programu ya zamani alikuwa wa kuomba msaada kila mara. Kwenye kioo chake wapagazi wawili walikuwa tayari wanatembea njiani.

"Umeruka nodi ya kuunganisha," Najiat alimnong'oneza. "Nikuonyeshe?"

"Najua," alijibu Josepha kwa ukali. "Nilikuwa najaribu tu."

Mwalimu Zuwena akauliza, "Kuna ambaye hajaelewa? Msione haya. Kitu hiki ni kigeni kwetu sote."

Josepha aliinamia kioo chake kana kwamba anaendelea na kazi.

Siku iliyofuata, wenzake walipokwenda kucheza, alibaki chumba cha kompyuta. Kompyuta moja ya zamani, pale pembeni, bado ilikuwa na ile programu ya matabaka. Akaiwasha, akachomeka flashi ya klabu yenye klipu zote, akafanya kazi haraka kama mtu aliyerudi nyumbani kwao. Akawapanga wapagazi mbele, babu yake akamweka mwisho. Aliona inafaa hivyo, kwa sababu kwenye sherehe zote alizowahi kuhudhuria, mgeni rasmi ndiye anayeingia mwisho, na watu humtangulia kumfungulia njia.

Kompyuta ilipoanza kukwama kwa uzito, aliyabana matabaka yote yakawa video moja. Sasa hakuna kilichoweza kutenganishwa tena na kingine, kama vile huwezi kutoa sukari kwenye uji uliokwisha kukorogwa. Hakujali. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Mashallah!" alisema Mwalimu Zuwena alipoiona. "Umeifanya kwa nodi, kwa siku moja?"

Josepha alitazama kioo. "Ndiyo, mwalimu."

"Mnaona?" mwalimu aliwaambia wengine. "Mwenye bidii hashindwi."

Wakampigia makofi. Hata Lugembe alipiga. Najiat peke yake alimtazama kwa mshangao kidogo. Jioni hiyo familia ilipokusanyika kusali rozari, midomo ya Josepha ilitamka maneno, lakini moyo ulikuwa mbali, kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango.

Alhamisi alasiri Mwalimu Zuwena alifika Cheyo na video kwenye simu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeniletea miguu yangu?"

"Nimekuletea, babu. Nimeona wewe uionje kabla ya watu wengine."

Josepha alisimama mlangoni. Babu aliishika simu kwa mkono mmoja wenye nguvu, akaisogeza karibu na macho. Alitabasamu alipowaona wapagazi. Alitikisa kichwa kufuata mdundo wa wimbo wao. Halafu mwisho kabisa, nyuma ya vumbi la wenzake, akajiona. Tabasamu likapungua.

"Mbona mmenisindikiza kama mgeni rasmi?" aliuliza.

"Kuna kosa, babu?" mwalimu aliuliza.

"Kosa lipo, mwanangu. Kirangozi hatembei nyuma. Yeye ndiye wa kwanza, na mpagazi aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Babu wa babu yangu alikuwa kirangozi. Akiniona hivi nakula vumbi la wapagazi wangu, atauliza nimekosa nini." Akaishusha simu pajani. "Ningesema nirudie kutembea. Ila miguu ile ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Kuku walikwaruza uwanjani.

"Usijali hata kidogo, babu," alisema Mwalimu Zuwena. "Tungebaki na matabaka tuliyoyabana, hapo tungelia. Kwa nodi tunahamisha mistari michache tu. Josepha ataifanya kesho kabla ya masomo. Siyo, Josepha?"

Babu alimgeukia mjukuu wake. Uso wake ulikuwa na tumaini kama la mtoto. "Utanirudisha mbele, mayo?"

Josepha alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa rahisi, alikwisha kulisema mara moja. Lakini alipoutazama ule mguu uliolala juu ya kigoda, machozi yalimtoka.

"Siwezi," alisema. "Nimewadanganya. Sikutumia nodi. Siku ile sikuelewa chochote, nikaona haya, nikarudi kwenye programu ya zamani. Na nimeyabana matabaka yote. Hayatenganishiki."

Mwalimu Zuwena hakuonekana mwenye hasira, bali mwenye uchungu, na hilo lilimuumiza Josepha zaidi.

"Nilikusifu mbele ya wenzako," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini sifa ile si yako, na kesho utairudisha wewe mwenyewe. Klipu zipo kwenye flashi. Kesho mchana utaanza upya, kwa nodi. Na hutaanza na mimi. Utamwomba Najiat akufundishe."

Josepha aliinua uso. "Najiat?"

"Najiat," mwalimu alirudia. "Yeye ameelewa."

Mwalimu alipoondoka, Josepha alipiga magoti kando ya kiti. Babu alimwekea mkono kichwani, akasali kwa sauti ya chini, "Bwana, huyu mtoto amesema kweli. Sasa mpe na moyo wa kujifunza." Hakuongeza lawama yoyote.

Ijumaa mchana Josepha alisimama mbele ya klabu, akasema alichofanya. Lugembe alifungua mdomo kutania, akamwona anavyotetemeka, akaufunga. Kisha Josepha akaenda kwenye meza ya Najiat.

"Sijui nodi," alisema. "Naomba unifundishe."

"Nilijua," Najiat alijibu, akimsogezea kiti. "Video yako ilikuwa imebanwa kama mkate wa kumimina uliokosa hamira. Kaa. Wewe ulinifundisha matabaka miezi mitatu, nami sikuelewa mpaka wa tatu. Mbona wewe unataka kuelewa kwa siku moja?"

Josepha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Najiat hakumshikia kipanya. Alimwacha aunganishe mwenyewe, na alipokosea alimwuliza tu, "Picha inatoka wapi? Inakwenda wapi?" Polepole mistari ikaacha kuwa nyuzi zilizosukwa ovyo. Josepha aliona njia: hapa babu anaingia, hapa kijani kinaondoka, hapa kivuli kinamfuata, hapa anakutana na wapagazi. Alipouhamisha mstari wa babu na kumsogeza mbele ya msafara, vumbi lote likapotea. Zamani angeficha kioo. Safari hii aliita, "Najiat! Vumbi limekwenda wapi?"

Waliufuata mstari wakakuta umekatika. Wakauunga. Lugembe naye alisogeza kiti, akajitolea kupanga vivuli vya wapagazi, akakipa cha kwake tumbo kubwa kwa bahati mbaya, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Adhana ya alasiri iliposikika, Najiat na Mwalimu Zuwena walikwenda kuswali. Josepha aliinamisha kichwa palepale mezani, akashukuru kwa maneno yake mwenyewe. Waliporudi, wakaendelea. Jua lilipoanza kushuka, Babu Xavery alikuwa mbele, amenyoosha fimbo yake, na njia yote iko wazi mbele ya macho yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Lugembe na baba yake Josepha walimbeba babu juu ya kiti chake, wakamweka mstari wa kwanza. Taa zikazimwa. Projekta ikawaka. Kwenye ukuta ikatokea njia ya Kwihara, na mtu mmoja mwenye shuka nyekundu akaja peke yake, wima, akiimba. Nyuma yake ukafuata msafara mzima.

Mguu wa kulia wa babu ukawa unagonga sakafu kufuata hatua zake za Mei. Filamu ilipokwisha, wazee wa Cheyo walisimama wakapiga vigelegele na makofi, na mama yake Josepha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mwalimu Zuwena alieleza mbele ya wazazi nani alifanya nini, akimtaja Najiat kwanza. Kisha akamwomba Babu Xavery aseme neno. Wakampelekea kipaza sauti pale alipoketi.

"Nawashukuru wanangu," alisema taratibu. "Mmenitembeza tena. Nami niwaambie jambo moja la kirangozi. Watu hudhani alikuwa anajua njia zote. Hapana. Njia hubadilika. Mto hujaa, kijiji huhama. Kirangozi mwema alipofika asipopajua, alisimamisha msafara akauliza, hata kama wa kumjibu ni mtoto mchunga mbuzi. Kuuliza hakukumshusha. Yule aliyejifanya anajua ndiye aliyewapeleka watu porini wakafa kwa kiu. Ujuzi wa jana ni mzuri, lakini njia ya leo yafaa kuiuliza leo. Na anayekiri kwamba amepotea, huyo ameanza kurudi."

Babu alimpa Josepha kipaza sauti. Josepha alikishika kwa mikono miwili, akawatazama wazazi, wenzake, mwalimu wake, kisha babu.

"Mbele ya Babu, Mwalimu Zuwena na ninyi nyote, naahidi," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka mlangoni. "Nisipojua kitu, nitasema sijui, nami nitamwuliza anayejua, awe mkubwa au mdogo. Najiat awe shahidi wangu, maana yeye ndiye niliyeona haya kumwuliza."