Sauti ya Tano

Mkinisikia namsema mdogo wangu wa kiume, msidhani namchukia. Tae-geon nimemlea mwenyewe, nikamfuata Seoul, na kwa miaka kumi na moja nimewapikia wasichana wake pale mtaa wa Mangwon, wao wakiniita mama mdogo. Kazi yake ilikuwa kuunda makundi ya muziki. Alichukua watoto wa miaka kumi na tatu, akawafundisha kuimba na kucheza, kisha akachagua wanne au watano na kuwapa jina. Wasiochaguliwa aliwaambia maneno yaleyale: "Subiri zamu yako."

So-hwi alisubiri miaka tisa. Aliimba kuliko wote, ila jino lake la mbele lilikuwa limevunjika kipande, na kila akivuta pumzi ya kupanda juu ulisikia kijifilimbi. Makundi matatu yalimpita. La nne lilikuwa la wasichana wanne, na nafasi yake akapewa Dan-bi, mtoto aliyekuja juzijuzi tu. So-hwi alikunja nguo zake akarudi kwao Gangneung. Kabla baridi haijaisha, mama yake akatupigia simu. Walikuwa wameshamzika.

Wimbo wa kwanza wa wale wanne tuliurekodi mwezi wa nne, saa sita mchana, jua linawaka. Nilikuwa nimewapelekea wali uliokunjwa kwa mwani. Fundi mitambo akafungulia walichorekodi. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu ikaja ya tano.

Sisi wa kazi hii tuna imani yetu: mzuka ukitokea studio, wimbo huo utavuma. Kwa hiyo hakuna aliyekimbia. Walipiga makofi. Fundi alirukaruka kama kashinda bahati nasibu. Mimi nilisikia kijifilimbi, nikaiweka sahani chini.

"Futa hiyo," nilimnong'oneza Tae-geon. "Ni So-hwi."

"Najua," alisema. "Dada, wenzangu wangapi wanauomba mzuka na hawaupati? Usiniletee nuksi."

Sauti ikabaki.

Wimbo ulivuma kweli. Ulipigwa madukani, kwenye treni, mpaka kwenye saluni ninakotengeneza nywele. Mwezi wa saba, Dan-bi alinishika mkono jikoni. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mama mdogo, si mimi ninayeimba. Nikifungua mdomo anatoka yeye."

"Na wewe unakuwa wapi?"

"Mahali padogo. Hapana mlango. Nikilia, ananiambia nisubiri zamu yangu."

Mkataba wake ulikuwa wa miaka saba, asingeweza kuacha. Na maneno hayo ya kusubiri zamu hakuwahi kuambiwa na mtu, kwa sababu yeye alichaguliwa upesi. Nilimwendea mdogo wangu, nikamtukana hadi nikalia.

Kesho yake asubuhi tulikwenda wote studio, Tae-geon akaifuta ile sauti. Ikarudi. Akaifuta tena. Ikarudi. Akainuka, akaingia chumba cha kurekodia, akaurudisha mlango na kupiga magoti mbele ya kipaza sauti. Nilimwona kupitia kioo. Kwenye spika nilimsikia: "So-hwi, mwachie mtoto. Nichukue mimi."

Kisha kijifilimbi.

"Haya, bosi. Zamu yako."

Aliurukia mlango. Akavuta kitasa. Akavuta kwa mikono miwili. Nilikimbia, nikausukuma kwa kidole kimoja tu, ukafunguka. Haukuwa umefungwa. Alikuwa amesimama mbele yangu, mlango wazi, bado mikono yake inavuta hewani.

"Dada, fungua."

Nilimshika mabega. Macho yake yalinipita.

Siku ileile Dan-bi aliimba kwa sauti yake mwenyewe. Tae-geon ninaye nyumbani, mwaka wa pili huu. Nimeng'oa milango yote. Kila asubuhi anasimama ukutani, anavuta kitasa ambacho hakipo, na mimi namlisha kwa kijiko huku nikimlilia. Hajasema neno tangu siku ile.

Wiki iliyopita nilikwenda studio kuchukua vitu vyake vya mwisho. Bosi mpya alikuwa akirekodi wimbo mwingine na wasichana walewale. Fundi akafungulia. Sauti nne, safi kabisa. Na chini yake, mbali, mwanamume.

"Dada, fungua."

Nilipiga kelele wafute. Hawakunisikia. Walikuwa wanapiga makofi.