Nani Alikuwa Anaiharibu Pikipiki ya Baba?

Pikipiki ilizimika nikiwa katikati ya mlima wa mawe.

Haikukohoa. Haikutetemeka. Ilizima tu, kama mtu amebonyeza swichi.

Sekunde iliyofuata nilikuwa naanguka kinyumenyume, na kilo mia na kitu za chuma zinanifuata...

Nilitua mgongo kwenye kijito. Usukani ukanipiga ubavuni. Nilisikia kitu kimelia "ka", na nikajua ni ubavu wangu, si chuma.

Watu wa klabu yetu ya pikipiki wakaja mbio, wakainyanyua. Mmoja akataka kuniitia gari la wagonjwa, nikakataa. Niliomba spana.

Nikiwa nimekaa kwenye matope, nikafungua bomba linaloingiza hewa kwenye kabureta. Nikaingiza kidole.

Nikatoa kitambaa.

Kitambaa, jamani. Kimekunjwa vizuri, kikasukumwa ndani kwa makusudi.

Ngoja niwaeleze mnielewe.

Naitwa Beverley Raw. Nina miaka arobaini na tisa, naendesha lori la maziwa, naishi Darlington, kaskazini mwa Uingereza. Baba yangu, Norris, yuko peke yake bonde la Swaledale, kwenye nyumba tuliyozaliwa mimi na dada yangu. Ana miaka themanini na tatu. Macho yamefifia, mikono inatetemeka, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili.

Enzi zake huyu mzee alikuwa noma. Mchezo wetu wa pikipiki si wa mbio. Unapanda mawe, mito na mizizi polepole, na mguu ukigusa chini unaandikiwa kosa. Baba alikuwa anapita mahali ambapo mbuzi angefikiria mara mbili. Pikipiki yake ni Greeves ya mwaka 1964, na kwa miaka ishirini ilikaa bandani inaoza.

Miaka mitatu iliyopita nikasema naifufua. Nataka aione ikipanda tena kabla macho hayajaisha kabisa.

Sijawahi kuteseka hivyo maishani mwangu.

Kila Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, naendesha saa nzima mpaka kwa baba. Nafunga kitu, kinakubali. Alhamisi inayofuata, hakifanyi kazi. Narekebisha platini, zile zinazopeleka cheche kwenye plagi, wiki ijayo zimehama. Nafunga waya wa klachi mpya, nakuta umelegea. Plagi niliyoinunua juzi, ina nyufa. Nati niliyoikaza mwenyewe nakuta iko sakafuni.

Nilianza kudhani nimechanganyikiwa. Nikawa naandika kwenye daftari kila ninachokaza. Kuna siku nilikaa kwenye ndoo mle bandani nikalia, baba amesimama mlangoni na chai, ananiambia taratibu, vya kale vina kiburi, nije tena wiki ijayo tutaangalia.

Na kuna siku nyingine, bila sababu, ilikuwa inawaka kiki ya kwanza. Hapo ndipo nilikuwa nazidi kuchanganyikiwa.

Jumapili ile ya mashindano nilikwenda, ikawaka vizuri, nikaona leo ndiyo leo. Nikaipakia kimyakimya asubuhi baba akiwa kanisani, nikaipeleka mashindanoni. Nilitaka nirudi na picha nimshtue.

Nikarudi na ubavu uliovunjika.

Sasa, ukiniondoa mimi, ufunguo wa banda la baba walikuwa nao watu wawili tu. Baba mwenyewe, na jirani yake Desmond Peacock.

Desmond ana miaka sitini na kitu, mkimya, ndiye anayepanga njia za mashindano. Zamani aliwahi kuomba auziwe ile Greeves, baba akakataa. Kichwani mwangu hesabu ikajipanga yenyewe.

Nikasimama na matope yangu, kitambaa mkononi, nikamfuata mbele ya watu wote.

"Uliitaka ukaikosa, ukaona bora uiue," nikamwambia. "Leo nusura uniue na mimi. Kaa mbali na nyumba ya baba yangu."

Watu kama arobaini walikuwepo. Walionijua tangu mtoto.

Desmond alikiangalia kile kitambaa. Akaniangalia mimi. Nikangoja ajitetee, nimmalize.

Alivaa kofia yake akaenda kwenye gari lake, akaondoka.

Nikasema moyoni, si mnaona? Mwenye hatia hana la kusema.

Jioni ile watu wa klabu wakairudisha pikipiki bandani. Jumatano daktari akanikataza kuendesha lori, nikaenda kwa baba siku moja kabla ya siku yangu. Sikupiga simu. Nikazunguka nyuma, nikakuta mlango wa banda uko wazi.

Baba alikuwa amepiga magoti pembeni ya pikipiki.

Amefungua kifuniko cha injini. Macho kayafumba, kichwa kainamisha kama anasikiliza. Vidole vyake vilikuwa mle ndani kwenye platini, na nawaambieni, havikutetemeka hata kidogo. Mzee asiyeweza kushika kikombe alikuwa anapima mwanya mwembamba kuliko ukucha, kwa kugusa tu.

Kwanza nilifurahi.

"Baba, unanitengenezea?"

Hakugeuka.

"Narudisha nilichokiharibu," akasema.

Sikuelewa. Au niseme, nilielewa lakini akili ikakataa kupokea.

"Kitambaa ni chako?"

"Ni changu. Sikujua utaipeleka mlimani, Bev. Nilijua utapiga kiki hapo uani, iwake kidogo, izimike, ukasirike, tunywe chai. Basi."

"Miaka mitatu, baba?"

"Si kila wiki."

Nilimfokea. Sitawadanganya kwamba nilimkumbatia. Nilimfokea mpaka ubavu ukanichoma. Nilimwambia kuhusu Alhamisi zangu zote, vidole vilivyochubuka, daftari, ndoo niliyolilia. Yeye amekaa palepale sakafuni, ananisubiri nimalize.

Nilipomaliza akaongea taratibu.

"Kabla ya hii pikipiki ulikuwa unanipigia simu Jumapili. Dakika nne. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Mara nyingine tatu." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mama yako hayupo. Dada yako yuko Australia. Hii ikipona, ungeipakia uende nayo. Ningebaki na banda tupu."

"Ningekuja tu, baba."

"Hukuwa unakuja."

Ni kweli. Sikuwa naenda.

Halafu nikamkumbuka Desmond.

Jumamosi mchana klabu ilikuwa na kikao kwenye ukumbi wa kanisa. Nikasimama. Nikasema nilimsingizia Desmond Peacock, kwamba hakuhusika kabisa, na kwamba naomba radhi mbele ya macho yaleyale yaliyoniona nikimtukana.

Mzee mmoja wa nyuma akauliza, sasa kitambaa aliweka nani?

Watu wote wale walifundishwa na baba yangu kupanda mawe.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa nazuia vumbi lisiingie. Nikasahau kukitoa."

Wakacheka. Walinicheka mpaka kwenye chai na mikate ya bekoni. Nilistahili.

Nikiwa natoka, Desmond akanifuata hadi kwenye ukuta wa mawe pale nje.

"Hukusahau kitambaa chochote wewe," akasema.

Nikamtazama. "Ulijua?"

"Dirisha la jikoni kwangu linaangalia banda. Najua tangu mwaka juzi."

"Sasa kwa nini uliniacha nikakuvua nguo mbele ya watu?"

"Nilitaka kusema. Midomo ilishafunguka." Akavuta kola ya koti, mvua ilikuwa inaanza. "Nikamfikiria Norris akiingia dukani watu wanamwangalia. Mimi nitapona, Bev. Yeye kwa umri ule asingepona."

Nikaanza kulia kama mtoto.

"Halafu nikuambie," akaendelea, anaangalia kondoo badala ya kuniangalia mimi. "Zile siku ilizokuwa inawaka kiki ya kwanza..."

"Zimefanya nini?"

"Nilikuwa nakuonea huruma. Naingia Jumatano jioni, narudisha alivyovilegeza."

Mnanielewa? Mtu niliyemwita muuaji wa pikipiki ndiye alikuwa anaitengeneza. Na mtu niliyekuwa namtengenezea ndiye alikuwa anaiharibu.

Greeves imeshapona sasa. Inabaki Swaledale, sikuichukua. Naenda Alhamisi na Jumapili, na kuna siku hata hatufungui banda. Tunakaa tu, tunabishana.

Wiki iliyopita nilimpeleka baba mashindanoni, tukamweka kwenye kiti karibu na kijito, Desmond pembeni yake anamsimulia pale macho yake yasipofika. Nikapanda. Nikaanguka palepale nilipoanguka mara ya kwanza.

Nikaifungua pikipiki yote pale chini. Nikatafuta kitambaa, nati, chochote.

"Unatafuta nini?" baba akauliza.

"Tatizo."

"Pikipiki ni nzima," akasema. "Tatizo ni aliyeipanda."

Ndugu zangu mnaosoma, kama kuna mzee anayewapigia kila mara kwamba bomba linavuja, redio imegoma, taa ya uani haiwaki... nendeni. Msibebe spana kwanza. Kaeni.

Na kabla hujamnyooshea mtu kidole mbele ya watu, lala na jambo hilo siku tatu. Mimi ningelala siku tatu tu, ningemkuta baba bandani kabla sijamvunjia heshima mtu mwema kuliko mimi.

Desmond bado hanidai kitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.