Mlango Usiomjua Mtunza Ghala

Saa tano asubuhi, Jumapili. Chumba cha nyuma ya gereji.

Kufuli alichora mlango kwa chaki mezani. Jina hilo alilipata ujanani, alipokuwa hashindwi na kufuli lolote. Sasa kampuni kongwe ya betri na nyaya za shaba ilikuwa imeng'oa makufuli yote na kuwaachisha kazi walinzi. Mlango wa ghala ulisoma vidole.

"Zamani shaba ilivuja kila wiki, lawama kwangu," alisema Mtunza Ghala. "Tangu waweke mashine, haujapotea hata waya wa kufungia mbuzi."

"Unawasifia?"

"Nasema kweli, Mzee. Ila mwezi ujao na mimi wananitoa."

"Kidole chako kinafungua?"

"Kinafungua."

Dereva alitazama sakafu. Ndiye aliyemleta mtu huyu, kaka wa mkewe. Mkewe alizoea kumtania kaka yake wakila: asidi ya betri imemla alama za vidole, mashine inamwona mzimu, kila asubuhi karani ndiye anayemfungulia.

Walipotoka, Dereva alimvuta kando. "Shemeji, una hakika?"

"Nikipaka mafuta mashine husoma. Siku nyingine hukataa."

"Siku nyingine?"

"Usiniharibie, shemeji. Nina watoto."

Dereva akaenda kuwasha lori bila kumwambia Kufuli. Kufuli alikuwa ameahidiwa kidole.

Saa saba mchana. Mlango wa ghala.

Lori lilinguruma taratibu, Dereva akiwa kwenye usukani. Mtunza Ghala alipaka mafuta, akaweka kidole gumba. Taa nyekundu. Akafuta, akaweka tena. Nyekundu. Mara ya tatu, king'ora kililia juu ya paa.

Kufuli alichomoa bastola, akamshika ukosi. "Umetuuza."

"Sijawauza, Mzee! Vidole vyangu vimelika! Muulize shemeji, anajua!"

Kufuli aligeuka. Bastola nayo ikageuka, ikatua kwenye dirisha la lori.

"Ulijua?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Shemeji yake angeonekana mjinga, si msaliti. Na Dereva angekuwa ndiye aliyewaleta mlangoni huku akijua.

"Mwambie, shemeji," Mtunza Ghala alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba kupishwa njia.

"Sijui anachosema," Dereva alijibu.

Bastola ikarudi kwa Mtunza Ghala. Risasi moja. Kufuli alipanda lori. "Twende."

Dereva alirudi nyuma kwa haraka. Gurudumu lilipanda kitu laini, likashuka. Hakutazama kioo.

Jumanne. Msibani.

Mkewe alikuwa amekaa mkekani, sauti imemkauka. Majirani walisema Dereva ni mwanamume kweli: aliifuata maiti hospitali, alibeba jeneza kwa mbele, aliingia kaburini kumpokea.

Usiku ule mkewe alimshika mkono.

"Baba watoto, walimkanyaga na gari akiwa bado hai. Daktari kaniambia."

Dereva alimfunika khanga mabegani.

"Niahidi utamtafuta aliyeendesha."

"Nakuahidi," alisema.